Mstari Niliouficha Ifakara

Nilifika Ifakara kwa treni nikitokea Tunduma, na hadi leo mtu akiutaja mji ule kinachonijia kwanza ni njia ya kwendea. Makambako ilipita nimelala. Nilichoamshwa nacho ni mahandaki: behewa linaingia gizani, mlio wa magurudumu unakuwa mzito, kisha mwanga unarudi na ukungu na bonde jingine chini ya dirisha, kisha giza tena. Uchindile tulifika jua limeshatoka. Misonobari ya kupandwa ilikuwa imesimama kwa mistari iliyonyooka hadi macho yanapoishia, nikaipenda, kwa sababu wakati ule nilipenda kila kitu kilichopangwa. Baada ya hapo treni ikaanza kushuka, na abiria wakaanza kuvua masweta mmoja baada ya mwingine bila kuambiana. Mlimba wanawake walikuja madirishani na ndizi, mananasi na wali uliofungwa kwenye mifuko, nami nikanunua vyote vitatu. Mzee aliyekaa mbele yangu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akinitazama kama mtu mwenye swali asiyepata nafasi, akaipata.

“Kijana, Ifakara unakwenda kwa nani?”

“Sina mtu, mzee. Nakwenda kazini.”

“Kazi ipi?”

“Ya kompyuta.”

“Kuzitengeneza?”

“Kuandika programu zake.”

Akafikiri kidogo, akalitazama lile nanasi mkononi mwangu. “Basi samaki utakula,” akasema, akageukia dirisha, kama mtu aliyemaliza kunieleza yote ninayopaswa kujua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa nimeshakaa Mwanza, Arusha, Mbeya na Tunduma, na kote nilitoka kabla watu hawajanizoea. Kuandika programu nilijifunza Mbeya kwenye duka la intaneti nililokuwa nalinda zamu ya mchana, na Tunduma nilikuwa natengeneza simu. Tangazo la kazi ya Ifakara lilitaka mtu mwenye shahada. Niliomba hivyo hivyo, nikaambatanisha programu niliyoiandika mwenyewe, nikajibiwa. Sasa nina miaka arobaini na mitatu, miji imeongezeka, na sikuwahi kuandika lolote kuhusu mwaka ule. Nimeanza kwa sababu mwaka jana nilikwenda Mahenge kumzika Mama Konsolata, aliyekuwa mkuu wetu wa ofisi. Tulipotoka makaburini tulikaa chini ya maturubai, nikajikuta benchi moja na Shija, ambaye sikuwa nimemwona tangu siku zile. Ndevu zake zimeanza mvi. Tulipewa wali na maharage kwenye sahani moja ya bati, tukala. Mjomba wa marehemu akatuuliza sisi wawili tunafahamianaje. “Tulifanya kazi pamoja, mwaka mmoja,” Shija akamjibu, akaendelea kula. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa ufupi wake, kisha nikaona aibu kwamba nimemshukuru.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Viwanja Sitini, vyumba vitatu na sebule, bati jekundu, na ukuta wa mbele ambao mafundi waliuacha bila plasta. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama Konsolata, na juu ya meza yake kulikuwa na rozari, kalenda ya parokia na chupa ya chai ambayo haikuwahi kuwa tupu. Chumba cha pili tulikaa mimi na Shija, meza zikiangaliana. Cha tatu kilikuwa cha mashine. Hatukuiita sava, tuliiita mashine, na ililishwa na betri za sola kwa sababu umeme wa mtaani ulikatika tunapouhitaji. Mama Konsolata aliwaonyesha wageni chumba kile kuliko chochote. “Hii haijawahi kuzimika yenyewe tangu tuiwashe,” aliwaambia, akiigusa kama mtu anavyogusa ng’ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba nyumba ya tatu kutoka pale, kwa mjane aliyeitwa Mama Leokadia, aliyekaanga vitumbua vya mchele barazani. Ukuta kati ya chumba changu na jiko lake haukufika juu, hivyo asubuhi nilisikia habari zangu zote kabla sijaamka. “Huyu Yusto hana mke, hana kitanda, ana kompyuta mbili,” alimwambia dada yake. Dada yake akasema labda moja ni ya mke. Wakacheka mpaka mafuta yakaungua.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa urahisi. Upande wa juu wa mto na kwenye vijito vyake kulikuwa na nguzo zilizopakwa rangi kwa vipimo. Wasomaji, watu wa vijiji vile vile, walizitazama asubuhi na jioni wakatuma namba kwa simu. Mashine yetu ilipokea namba, ikapima, na maji yakivuka kiwango fulani ikawatumia ujumbe watu wa bondeni: ondokeni, maji yanakuja. Bonde lile wakati wa kilimo si la kuchezea. Familia nzima inafunga nyumba kijijini na kuhamia shambani miezi minne mitano, inalala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga. Kijijini kuna mwenyekiti wa kupiga kengele. Kule shambani kuna simu tu. Kwa hiyo simu kulia au kutolia ndiyo ilikuwa kazi yetu nzima, na nilijua hivyo tangu wiki ya kwanza.

Shija ndiye aliyeiandika programu karibu yote kabla yangu. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, mwenye diploma, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo ng’ambo ya Namawala. Mama Konsolata alikuwa Mpogoro wa Mahenge, na Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga wasiopatana na wafugaji, kwa hiyo Shija alikuwa akiishi kwa uangalifu. Alisalimia kila mtu shikamoo, hata wanaomzidi miaka miwili. Agosti na Septemba, kabla sijafika, alizunguka kwenye maboma ya wafugaji akiwaandikisha, kwa sababu hao ndio waliopatikana kiangazi. Wakulima aliwafuata Januari, walipokuwa wameshahamia shambani, akienda kutoka dungu hadi dungu, suruali imekunjwa, na namba zao akiziingiza kwa simu pale pale. Mchana tulikula pamoja kwa mama lishe nyuma ya soko, ugali na kitoga, samaki wa mto ule, wa mchuzi. Alikuwa na utani mkavu. Siku niliyomwambia kwamba naweza kukaa Ifakara miaka mingi, alinitazama viatu. “Soli zako hazisemi hivyo,” akasema.

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi, nami nitalieleza mara moja. Programu si maandishi marefu ya mfululizo. Ni mafaili mengi, na juu ya kila faili unaandika mistari ya kuyaita mafaili mengine unayoyahitaji. Unaweza kuita kwa jina kamili kuanzia mwanzo, kama mtu anayesema Namawala, kitongoji fulani, kwa fulani. Unaweza pia kuita kwa kuanzia pale uliposimama, kama mtu anayesema nyumba ya pili kutoka hapa. Kote utafika. Shija aliandika kwa njia ya kwanza. Mimi nilikuwa nimejifunza ya pili, na Desemba, nilipopewa kuandika upya sehemu ya kutuma ujumbe, niliandika nilivyozoea. Hakuna aliyeniambia tunafuata mtindo gani, na sikuuliza. Lakini mashine yetu, kwa jinsi tulivyoipanga, haikujua kwamba njia mbili zinafika nyumba moja. Faili la orodha ya watu likiitwa kwa njia mbili, ilitengeneza orodha mbili kichwani mwake. Sehemu ya kuandikisha iliongeza majina kwenye ya kwanza. Sehemu yangu ya kutuma ilisoma ya pili, ambayo ilibaki kama ilivyokuwa siku mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Ukiizima na kuiwasha, orodha zote mbili zinasomwa upya na kulingana. Kila tulipojaribu kazi yetu tulizima na kuwasha kwanza, kwa hiyo kila tulipojaribu ilikuwa sawa. Tuliizima mara ya mwisho wiki ya Krismasi. Majirani zetu wote walikatikiwa umeme mwezi mzima wa Januari, na kama tungekuwa kama wao ile kasoro ingejiponya yenyewe. Sisi tulikuwa na betri.

Februari mto ukapanda. Mashine ikapokea namba, ikapima, ikatuma. Simu za wafugaji zililia asubuhi, wakahamisha ng’ombe. Simu za wakulima wa Namawala walioandikishwa Januari hazikulia hata moja. Maji yaliingia mashambani mchana, watu wakipalilia. Hakufa mtu. Lakini kuku walikwenda, mbegu zilikwenda, masufuria yalikwenda, na Bibi Agata, mwanamke wa miaka sabini hivi, alikaa juu ya dungu lake siku mbili na wajukuu watatu mpaka walipofikiwa na mtumbwi. Alilazwa wiki mbili kwa kifua. Alipotoka, kijiji kikatuita.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mama Konsolata alikaa mbele, mimi na Shija pembeni yake. Mwenyekiti hakupoteza muda.

“Simu zililia?”

“Hazikulia!”

“Za wafugaji je?”

Mwanamume mmoja akasimama. “Za Wasukuma zililia. Tuliwaona wakipandisha ng’ombe asubuhi, tukadhani wanakwenda mnadani. Mimi nikawapungia mkono kabisa.”

Watu wakacheka, kicheko kisicho kizuri. Bibi Agata hakusimama, alisemea alipokaa, akiwa amejifunika khanga mbili. “Mimi nimeandikwa na huyu kijana hapa. Alikuja kwenye dungu langu, nikampa togwa. Akanywa, akaomba tena.”

“Ni kweli, bibi,” Shija akasema. “Shikamoo. Na namba yako ipo, nimeiona leo asubuhi kwa macho yangu. Sijui kwa nini ujumbe haukuja.”

“Hujui. Za baba yako unajua, zangu hujui.”

“Muulize maboma yapo mangapi kwenye hiyo orodha!” mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Mwingine akasema Kiswahili chake ni cha kuwaongopea wakulima. Shija alibaki amesimama, mikono imening’inia, akirudia kwamba hajui. Mama Konsolata aliomba wiki mbili za kuchunguza. Mimi nilikaa nikimwonea huruma, na nilikuwa na haki ya kumwonea huruma, kwa sababu siku ile nami sikujua. Haki hiyo iliisha Jumatatu.

Jumatatu niliandikisha namba yangu mwenyewe kwenye mashine bila kuizima, nikatuma ujumbe wa majaribio. Simu yangu ilikaa kimya juu ya meza. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikatuma tena, ikalia. Haikunichukua saa moja kuufikia ule mstari ulioita faili la orodha kwa njia ya pili. Kila mstari kwenye ghala letu la pamoja, yaani pale programu yote inapohifadhiwa, una jina la aliyeuandika na siku aliyouandika. Ule ulikuwa na jina langu. Nakumbuka nilikwenda barazani kwa Mama Leokadia, nikala vitumbua vinne nimesimama, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikasema hapana. “Basi kaa chini ule kama mtu,” akasema.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa akili timamu, na sehemu yake ilikuwa kazi nzuri, jambo linalofanya iwe vigumu kukieleza. Nilikwenda kwa Mama Konsolata nikamwambia nimeona tatizo: ofisi haina mtindo mmoja wa kuita mafaili, watu wanaandika kila mmoja anavyojua, na mashine inachanganyikiwa. Nilisema “watu.” Tulikuwa wawili. Nikamwambia kuna programu ndogo ambayo kazi yake ni kusoma programu nyingine. Unaipa kanuni, na mtu akitaka kuweka kazi yake kwenye ghala inaipitia mstari kwa mstari. Mstari ukikiuka, kazi yote inakataliwa mpaka urekebishe. Kanuni yetu ingekuwa moja: kila faili liitwe kwa jina kamili kuanzia mwanzo.

“Hata kama hiyo njia nyingine inafika?” akauliza.

“Hata kama inafika.”

Akacheka, akanimiminia chai. “Kama katekista wetu kule Mahenge. Nilikuwa nasali vizuri tu kwa maneno yangu, Mungu ananisikia. Yeye hapana. Anataka maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, mtoto wa huku na mtoto wa kule waseme sawa. Ukikosea neno, komunio mwakani.” Kuanzia siku ile ile programu ndogo tukaiita Katekista. “Katekista amekataa,” Shija alikuwa akisema akisoma skrini yake. “Anasema nirudi mwakani.”

Siku niliyoiwasha mara ya kwanza ilitoa orodha ya mistari mia tatu na zaidi. Mingi ilikuwa yangu ya miezi mitatu, mingine ya Shija ya zamani, ya siku za kujifunza. Orodha ilitaja faili na namba ya mstari, haikutaja jina la mtu. Niliirekebisha yote kwa mkupuo, siku moja, nikaiingiza ghalani kama badiliko moja lenye kichwa cha maneno mawili, kusawazisha mtindo. Mstari wa Desemba ulikuwa humo ndani, kati ya mia tatu, na sasa juu yake kulikuwa na tarehe mpya na sababu mpya. Mtu angeweza kuufikia ule wa zamani chini yake, lakini ingebidi ajue anatafuta nini.

Shija alisimama nyuma ya kiti changu wakati naingiza. “Kwa nini usirekebishe faili moja moja?” akauliza. “Tujue kila kilichobadilika.”

“Kuokoa muda.”

“Na historia ya zamani inabaki?”

“Inabaki.”

“Haya,” akasema, akarudi kwenye meza yake.

Mama Konsolata aliwaandikia Namawala barua kwamba tatizo limepatikana, lilikuwa la mtindo wa uandishi wa programu, na limerekebishwa. Barua ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia Shija hata kidogo. Watu walisoma wanachokijua: programu aliiandika nani? Yule Msukuma. Akienda kuandikisha, akina mama walimwambia simu imezimwa, huku inalia mfukoni. Mara mbili alikuta dungu limefungwa na ndani mtu anakohoa. Baba yake alikuja ofisini asubuhi moja, mwanamume mrefu mwenye fimbo, tukamsikia barazani. “Mwangaluka,” alimsalimia mwanawe, kisha wakaongea Kisukuma kwa muda. Shija aliporudi nikamuuliza mzee anasemaje. “Anasema ng’ombe hawaulizi mtu kabila,” akasema. “Anataka nirudi nyumbani.” Akafungua kompyuta. Nilikuwa na nafasi nzuri sana pale ya kusema, na sikusema. Nilimuuliza kama tutakula mapema.

Aprili mto ulipanda tena, juu zaidi. Safari hii kila simu ya bondeni ililia, za maboma na za madungu, na watu wakatoka wakiwa na mbegu zao vichwani. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa Namawala alikuja na gunia la mchele mpya wa shamba lililosalimika, akaliweka mbele ya meza yangu, si ya Shija. “Tangu uje na huyo mkaguzi wako wa programu,” akaniambia, “mambo yamenyooka.” Mama Leokadia alinipikia mchele ule kwa nazi, akasema una harufu nzuri ajabu, mbona siuli. Juni wafadhili wakaandika kwamba mwaka unaofuata kutakuwa na nafasi ya mwandishi mmoja tu wa programu. Mama Konsolata aliniita peke yangu, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

“Shija ni mzuri kuliko wewe,” akasema. “Nakwambia kwa sababu unajua. Lakini mtu ambaye Namawala hawamfungulii mlango nitamtumaje Namawala? Nafasi nakupa wewe. Yeye nitamwambia Ijumaa.”

Ilikuwa Jumatano. Sitajisifu kwa nilichofanya, nilichelewa miezi minne. Alhamisi asubuhi nilichukua kompyuta yangu, nikaingia kwake bila kubisha, nikamfungulia historia ya mabadiliko, nikamshusha chini ya lile badiliko kubwa mpaka kwenye mstari wa Desemba wenye jina langu. Nikamweleza. Hakuelewa ufundi wote, lakini tarehe mbili alizielewa: siku ya mstari, na siku niliyokuja kumwambia kuhusu watu wasio na mtindo mmoja.

“Ulipokuja na Katekista ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua, mama.”

Alichukua kikombe chake cha chai. “Kosa silo linaloniuma. Kukosea, kila mtu anakosea, na hiyo kanuni yako tutaishika. Lakini mwenzako amesimama darasani pale.” Akaweka kikombe. “Sasa unaniambia mimi kwa nini? Mimi sikumfungia mlango. Waliomfungia wapo Namawala.”

Kabla ya Namawala nilimwambia Shija. Tulikuwa kwa mama lishe, sahani ziko mbele yetu. Niliongea haraka, nikaona anachambua miiba ya samaki na kuipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, bila kunyanyua macho.

“Nilijua,” akasema nilipomaliza. “Ile Jumatatu. Wewe ulikwenda kula vitumbua, mimi nikasoma skrini yako.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme kwa nani? Msukuma aliyewaacha wakulima kwenye maji sasa anamsingizia mgeni. Ungekuwa wewe ungeniamini?” Akanawa mikono kwenye bakuli. “Nilitaka kuona utachukua muda gani. Nilikuwa nimekupa wiki.”

Hakupandisha sauti. Alilipia chakula chake, akaacha changu.

Julai mpunga ulikuwa umevunwa na watu wamerudi kijijini, kwa hiyo darasa lilijaa kuliko mara ya kwanza. Mama Konsolata alinitambulisha, akakaa. Shija alikuwa mlangoni, amekataa kuingia. Nilijaribu kueleza orodha mbili, nikaona nyuso zinapotea, nikaacha. Nikawauliza ni nani mwenye nyumba kijijini na dungu shambani. Wakacheka, wote. Nikasema: karani akija kijijini anaandika jina lako, karani mwingine akija shambani anaandika jina lako, wasipoambiana wewe ni watu wawili, na mzigo wako unapelekwa kwenye nyumba uliyoifunga. Mimi ndiye karani wa pili. Nilikuja Desemba, sikuuliza wa kwanza anaandikaje. Namba zenu Shija aliziandika vizuri. Niliyefanya simu zenu zisilie ni mimi, nililijua hilo siku chache baada ya mkutano ule, na nikanyamaza.

Kisha yule mwanamume aliyewapungia mkono wafugaji akauliza, “Na wewe kabila gani?” Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekosa pa kuipachika hasira yake. Mwingine akasema nirudishe gunia la mchele. Mwenyekiti akamwambia karani wa kijiji aandike kwenye muhtasari, akamfanya asome kwa sauti alichoandika, mara mbili: ya kwanza alikuwa ameyachanganya majina, ya pili jina langu na la Shija yakasomwa sawasawa. Bibi Agata aligeuka nusu kwenye dawati, akatazama mlangoni.

“Wewe,” akasema. “Ulijua si wewe?”

“Nilijua, bibi.”

“Na ukaendelea kuja kugonga.”

“Namba zilikuwa hazijaisha.”

Bibi akaguna. Hakuomba msamaha, wala sikutegemea. Alivuta khanga, akasogea kwenye dawati lile dogo mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja, na Shija akasimama mlangoni dakika nzima kabla ya kwenda kuikalia.

Nafasi alipewa Shija. Mkataba wangu uliachwa uishe Septemba, na miezi miwili iliyobaki niliitumia kuandika maelezo ya kila nilichokigusa. Tuliongea mambo ya kazi tu. Siku ya mwisho nilijiondoa mwenyewe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kubadilisha programu, nikakabidhi funguo kwa Mama Konsolata, akanifungia maandazi ya njiani na kuniambia nisali kwa maneno yoyote. Shija hakuwepo. Namawala walikuwa wameomba orodha yote ipitiwe upya kabla watu hawajahamia shambani, na walimwomba yeye kwa jina. Stesheni niliikuta na abiria wachache, nikakaa juu ya begi langu, nikampigia kumuaga. Alipokea akiwa kwenye kelele za watu wengi wanaogombea foleni.

“Yusto, ngoja,” akasema. “Kuna watu hapa.”

Nikasikia sauti ya mwanamke mzee karibu na simu, kali, yenye kikohozi. “Mwambie huyo anayepiga asubiri. Mimi nimefika kwanza.”

“Ndiyo bibi,” Shija akamjibu. “Nitajie tena, taratibu. Sifuri saba ngapi?”

Bibi akaanza kumtajia. Shija alikuwa amesahau kukata simu, au hakusahau, nami nikasikiliza namba ya Bibi Agata mpaka tarakimu ya mwisho, na ya mwanamke aliyemfuata, na ya aliyemfuata huyo, hadi treni ilipoingia na sikuweza tena kusikia.